Rangi inakatikia wapi? Maswali yenu kuhusu nguo na umbo

Nina nyonga pana na mabega membamba. Niliambiwa nivae nyeusi chini, nikavaa, na bado nyonga ndizo zinazotangulia kuonekana. Kosa liko wapi?

Kabla hujailaumu nyeusi, tazama mambo mawili: mng'ao wa kitambaa, na mahali blauzi inapoishia.

Nyeusi husaidia kwa sababu vivuli vya mikunjo na vya nyama za mwili havionekani juu yake. Kazi yake inaishia hapo. Ukingo wa mwili haiupunguzi. Tena ukisimama mbele ya ukuta mweupe, ukingo huo huchoreka kama kwa wino. Nyeusi ya satini au ya ngozi hupoteza hata faida hiyo moja, maana mwanga hutua juu ya paja na kuonyesha mviringo wake wote. Chagua nyeusi, bluu ya giza au kahawia iliyoiva, katika kitambaa kisichong'aa, kizito kidogo, kisichonata mwilini.

Jambo la pili ndilo linalowaponza wengi. Jicho hukimbilia pale rangi mbili zinapokutana. Blauzi nyeupe inayoishia kwenye upana wa nyonga inachora mstari wa kulala mahali palepale usipotaka patazamwe. Chukua futi ya fundi, pima kutoka kiunoni kushuka hadi nyonga zinapotokeza zaidi. Kwa wengi ni kati ya sm 18 na 23. Blauzi iishie angalau sm 6 juu ya hapo, au uichomekee. Kisha rangi inayoita macho ipandishe juu: kwenye ukosi, mabega ya koti, skafu.

Urefu wangu ni sm 152. Nivae rangi gani nisionekane nimekatwa vipande?

Yoyote, ilimradi isikatikie katikati. Si lazima juu na chini kuwe na rangi moja. Kinachotakiwa ni kukaribiana kwa ukolevu. Jipige picha, kisha uigeuze kwenye simu iwe ya nyeusi na nyeupe. Blauzi na suruali zikitoka karibu kijivu kimoja, umepatia, hata kama moja ni zambarau na nyingine ni kijani.

Ukitaka rangi zipishane sana, usigawe nusu kwa nusu. Theluthi moja iwe juu na theluthi mbili chini: suruali inayopanda hadi kiunoni, blauzi imechomekewa, mkanda wa rangi ya suruali. Mkanda wa rangi ya blauzi hushusha kiuno na kukupunguzia miguu. Viatu vifuate suruali. Kwa sketi, viatu vikaribie rangi ya ngozi yako mwenyewe, si ile krimu inayouzwa kwa jina la "rangi ya mwili" kana kwamba miili yote imetoka chungu kimoja. Kiatu chenye mkanda wa rangi tofauti kwenye kifundo hukata mguu hapohapo.

Ni kweli mistari ya kulala inanenepesha?

Si lazima. Mwaka 1867 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza kuwa ukichora miraba miwili iliyo sawa, mmoja kwa mistari ya kulala na mwingine kwa mistari ya kusimama, ule wa mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba zaidi. Lakini mraba wa karatasi hauna tumbo. Mwilini, nguo ikibana, mstari hupinda, na mstari uliopinda ni ramani ya kilicho chini yake. Mistari ya kusimama nayo ina tabia hiyohiyo. Husaidia pale tu inapoanguka wima.

Kwa hiyo chagua mistari isiyozidi sm 1, rangi zake zikaribiane (bluu na kijivu, badala ya nyeusi na nyeupe), na nguo iwe na nafasi. Mistari ya sm 5 ijaribu mbele ya kioo kwanza, uone mweupe unaangukia wapi.

Fundi amenishonea gauni lenye vipande vyeusi ubavuni na krimu katikati ili kuficha tumbo. Limezidi kuonekana!

Mtindo si mbaya, mkato ndio wenye shaka. Mshono wa kipande cheusi lazima uingie ndani kiunoni: kwa mfano sm 5 kutoka mshono wa ubavu chini ya kwapa, sm 9 kiunoni, sm 7 kwenye nyonga. Ukishuka wima, krimu inabaki pana na ubavu haupungui. Halafu hiyo krimu yenyewe imekaa juu ya tumbo, na rangi nyepesi huonyesha kila kivuli. Mwambie fundi abadilishe cha katikati kiwe damu ya mzee au kijani kilichoiva, na atie bitana. Kama hutaki kufumua, valia koti refu jeusi lililo wazi mbele.

Mimi ni mwanamume mwembamba sana. Nifanye nini?

Geuza karibu yote yaliyotangulia: shati jepesi kwa rangi, kizibao cha rangi nyingine, suruali ya tatu. Angalia tu shati jeupe linalopitisha mwanga. Fulana ya ndani iwe ya rangi ya ngozi yako. Nyeupe huonyesha kingo zake zote.

Gauni lilinipendeza dukani, nyumbani uso umepauka. Rangi imebadilika?

Kilichobadilika ni mwanga. Taa za njano dukani huipa ngozi uhai ambao mchana hauutoi. Tena rangi huathiri jirani yake, jambo ambalo mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilichapisha mwaka 1839, na jirani wa shingo ya gauni ni uso wako. Siku nyingine simama dirishani mchana bila vipodozi, weka kitambaa chini ya kidevu, kisha tazama vivuli chini ya macho badala ya kutazama kitambaa. Vikizama, rudisha. Hilo ulilokwisha kununua, shusha shingo yake sm 5 ili ngozi ikae katikati, au vaa juu yake skafu ya rangi inayokukubali.