Furu waliopotea wameacha meno

Ndugu yangu, umeuliza kama furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria waliopotea sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, alipotawala ziwa miaka ya 1980, wameacha alama yoyote. Wameacha meno! Yamo kwenye tope la chini, madogo kama chembe za mchanga, na umbo lake linaonyesha mwenyewe alikula nini: mapana, butu, ni ya kusaga konokono, yaliyosongamana ni ya kukwangua mwani. Lakini ile bluu au nyekundu ya dume, inayong'aa akitolewa wavuni, haimo kwenye jino. Hiyo hurithiwa kwa jeni za wazazi. Na hapa ndipo panaponiuma: maji yakichafuka, jike haoni rangi vizuri, anazaa na dume wa aina nyingine, na aina mbili zinayeyuka kuwa moja.