Jibu: Shomoro wamehamia kwenye kisanduku cha ndege wa buluu

Habari ndugu. Umesema kisanduku cha kutagia ulichowawekea ndege wa buluu (bluebird) kiko kwenye uzio wa nyuma hapo Ohio, Marekani, wao wanakichungulia na kuondoka, shomoro ndio wenye nyumba.

Anza na tundu. Liwe milimita 38; likizidi, kwezi naye anaingia. Ila shomoro anapita hapohapo, kwa hiyo kipimo pekee hakitakuokoa. Na kama kuna kijiti mbele ya tundu, kikate, kinamfaa shomoro tu.

Sasa fungua uangalie kiota. Cha shomoro ni fujo: majani makavu, manyoya, vipande vya karatasi, mayai meupe yenye madoadoa. Cha ndege wa buluu ni kikombe nadhifu cha nyasi nyembamba, mayai buluu yasiyo na doa. Hakikisha kabla hujagusa, maana shomoro si wa asili ya Marekani na sheria haimlindi. Wengine wengi inawalinda. Mimi cha shomoro nakitoa kila wiki bila huruma.

Kisha hamishia kisanduku kwenye nguzo ya chuma, kimo cha mita 1.5, penye nyasi fupi, mbali na vichaka. Mtama wa kuwamwagia ndege uache kabisa, ndio unaowaita shomoro. Dawa ya wadudu pia usipulize, hao wadudu ndio chakula cha makinda.