Kwa nini kichwa cha T-72 huruka, na kifaru kipi ni bora?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mwaka 2009, nikiwa mwanafunzi, niliona vifaru vya T-72 vikishushwa Kilindini kutoka meli ya Faina iliyokuwa imetekwa na maharamia. Tangu vita vya Ukraine vianze, barazani kwetu ubishi hauishi. Mmoja anasema T-72 ni jeneza, kichwa chake, kile kibanda cha juu chenye mzinga, huruka kama kifuniko cha sufuria. Mwingine anasema hata Leopard ya Ujerumani na Abrams ya Marekani vimeungua vilevile. Tumewekeana kreti ya soda. Kwa nini kichwa huruka, na kati ya Abrams, Leopard 2 na T-90M ya Urusi kipi bora? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Vifaru ulivyoviona vilikuwa 33. Meli ilitekwa Septemba 2008 ikaachiwa Februari 2009, na mzigo wenyewe ulikuwa wa muundo wa zamani: T-72 iliingia katika jeshi la Kisovieti mwaka 1973. Nianze na kichwa, maana hapo ndipo penye ufundi wa kweli. Hayo mengine ni ushabiki wa mpira.

T-72 haina askari wa kupakia risasi. Ina mashine. Chini ya sakafu, pale kamanda na mlenga shabaha wanapokaa, kuna sinia kubwa la duara lenye nafasi 22. Kila nafasi imelaza risasi pamoja na baruti yake, na ganda la baruti hiyo nalo huungua, isipokuwa kitako cha chuma. Sinia huzunguka, mkono wa mashine huinua risasi na kuisukuma kwenye mzinga, na baada ya sekunde 8 hivi uko tayari kupiga tena. Sinia liko chini kabisa, mahali ambapo ni vigumu kupigwa moja kwa moja ukiwa mbele ya kifaru, kwa hiyo waliolibuni hawakuwa wajinga. Tatizo kubwa ni risasi za ziada, zile ambazo hazikuenea kwenye sinia: zimepachikwa nyuma ya viti na katikati ya matangi ya mafuta. Cheche ikifika kwenye moja, baruti yote inashika. Gesi inajaa ndani ya chuma kilichofungwa pande zote, na sehemu pekee inayoweza kuachia ni ile ringi ambayo kichwa kimekalia. Kichwa kina uzito wa tani zaidi ya kumi, lakini mbele ya gesi ile kinaruka kama kizibo. Ndiyo maana wanajeshi wenye uzoefu hupenda kubeba zile 22 za kwenye sinia tu na kuacha za ziada kambini.

Kwa nini walikubali hatari hiyo? Kwa sababu ya udogo. Ukimwondoa mpakiaji, kifaru kinakuwa kifupi, kama mita 2.2 tu, na T-72 ya mwanzo ilikuwa tani 41 huku ikiwa na deraya (chuma cha kinga) nene mbele na mzinga wa milimita 125. Abrams ya sasa inakaribia tani 67.

Abrams imejibu swali hilohilo kwa namna nyingine. Karibu risasi zote ziko nyuma ya kichwa, zimetengwa na watu kwa mlango mzito wa chuma. Mpakiaji anabonyeza swichi kwa goti, mlango unateleza, anachomoa risasi, anaachia goti, mlango unajifunga. Paa la chumba kile limefunikwa kwa vibamba vilivyotengenezwa dhaifu kwa makusudi, ili baruti ikilipuka moto utoke juu usiingie ndani. Kifaru kinaweza kuharibika kabisa na watu wanne wakatoka kwa miguu yao. Kwa kuokoa watu, muundo huu naupa alama ya kwanza bila kusita.

Hapa ndipo rafiki yako wa pili anapopata hoja, kwa sababu Leopard 2 imefanya nusu ya hayo. Risasi 15 ziko nyuma ya kichwa kwenye chumba salama, lakini 27 ziko mbele, kushoto kwa dereva, bila vibamba vya kutolea moto. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya Type 59, kifaru cha Kichina ambacho rafu yake ya risasi iko kulia kwa dereva. Ukiketi pale mkono wako unagusa risasi, na hakuna fundi aliyewahi kusahau hisia hiyo. Desemba 2016, karibu na mji wa al-Bab nchini Syria, jeshi la Uturuki lilipoteza Leopard 2A4 kadhaa, na baadhi zilisambaratika kichwa kikaenda upande wake. Kwa hiyo kuruka kwa kichwa si ugonjwa wa Warusi peke yao.

T-90M ina deraya bora zaidi kuliko T-72, darubini nzuri zinazoona kwa joto, na sehemu ya risasi za ziada imehamishiwa kwenye sanduku la nje nyuma ya kichwa. Lakini sinia bado liko chini ya watu. Halafu kuna jambo ambalo wabishi wa barazani hawaligusi: rivasi. Deraya nene iko mbele, kwa hiyo kifaru kikishapiga hurudi nyuma kikiwa bado kimemtazama adui. Giaboksi ya ukoo wa T-72, pamoja na T-90M, inarudi nyuma kwa kilomita 4 au 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na kikapu. Leopard 2 inarudi kwa kilomita 30 hivi. Dereva wa T-72 akiona mambo yamekuwa mabaya inambidi ageuze na kuonyesha mgongo, ambako deraya ni nyembamba.

Sasa mafuta. Abrams inatumia injini ya tabaini, jamaa ya injini za helikopta, yenye nguvu farasi 1,500. Inabeba lita 1,900 hivi na kwenda kilomita zipatazo 425, yaani karibu lita nne na nusu kwa kilomita, na hata ikisimama na injini inaunguruma inakunywa vibaya. Leopard 2 ina nguvu farasi zilezile kwa dizeli, na matangi yake hayafiki lita 1,300. Tena injini na giaboksi yake ni kipande kimoja: unafungua, krini inanyanyua, unaweka kingine, na mafundi waliozoea wanamaliza chini ya saa moja. Sisi kwenye Type 59 tulikuwa tukibadilisha injini siku mbili, siku ya pili yote ikiishia kwenye kunyoosha mhimili ulingane na giaboksi. Ukikosea kidogo tu, wiki ijayo kinarudi kikivutwa.

Kwa hiyo ukinilazimisha nichague kimoja, nachukua Leopard 2, toleo la A6 kwenda mbele. Sababu si mzinga. Ni kwamba hakikai sana karakanani, na nchi nyingi za Ulaya wanacho, hivyo spea hazikosekani. Ila kama ungekuwa mkuu wa jeshi la nchi zetu, mwenye madaraja ya wilayani na matope ya masika, kifaru cha tani 62 kingekutoa jasho kabla hujamwona adui. Uganda walipotaka kitu kipya walichukua T-90S, ndugu wa T-90M, na kwa wepesi wake naelewa. Oman ndio wateja pekee wa nje walionunua Challenger 2 mpya, kifaru kingine kizito cha Uingereza, 38 tu, lakini wale wana jangwa gumu na pesa ya mafuta.

Kule Ukraine, Marekani ilipeleka Abrams 31 na Uingereza vifaru 14 vya Challenger 2. Zikakutana na mabomu ya kutegwa ardhini na droni zinazoshuka juu ya paa, ambako kila kifaru duniani ni chembamba. Kreti gaweni nusu kwa nusu.

Na mkitazama tena zile video, angalieni vifuniko vya kuingilia. Vikiwa wazi kabla ya mlipuko, mara nyingi wenyewe wameshakimbia, na droni imekuja tu kudondosha guruneti ndani ya kifaru kitupu.