Siku ya tatu mpe jembe? Mi nampa siku ya kwanza: shughuli za vuli kwenye chapta ya ona sosaiti

Naandika hii kwa wadogo zangu mlioko vyuo vya huku Marekani, hasa vile vya jamii vya miaka miwili, ambao mmepata barua ya kukaribishwa ona sosaiti mkaapishwa, alafu kabla hata cheti hakijakauka wino mtu anakuja anakwambia dada tumekuchagua uwe msimamizi wa shughuli za kijamii na utamaduni, na we unaitika kwa furaha. Mi yalinikuta hapa Minnesota. Nimeifanya kazi hiyo vuli mbili, ya kwanza ilinitoa machozi na ya pili ilinipa marafiki nilionao mpaka leo, kwahiyo nataka niwaambie kilichobadilika katikati.

Kwanza kwa asiyejua, ona sosaiti (honor society) ni chama cha wanafunzi wenye maksi nzuri, na kila chuo chenye chama hicho kina tawi lake, ndo hiyo tunaita chapta. Ya vyuo vya jamii inayojulikana zaidi ni Phi Theta Kappa, ilianzia Missouri mwaka 1918, kawaida unaalikwa ukishafikisha krediti 12 na GPA (wastani wa maksi) ya 3.5 hivi, inategemea na chapta. Nguzo zake ni nne: taaluma, uongozi, huduma na udugu. Hiyo ya nne ndo watu wanaipita kama hawaioni, wanaona udugu ni pitsa ya mwisho wa mkutano. Wakati ile kongwe kabisa, Phi Beta Kappa, ilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 na wanafunzi wa College of William & Mary kule Williamsburg, Virginia, na walikuwa vijana wanaotaka mahali pa kukaa pamoja wabishane na kujadiliana nje ya darasa. Yaani urafiki ulikuwepo tangu mwanzo, haukuja kuongezwa baadae. Kwahiyo mtu akikwambia kitengo chako ni cha kupamba pamba tu, usikubali.

Sasa vuli yangu ya kwanza. Nilipanga pati ya Halowini, ile sikukuu yao ya mwisho wa Oktoba, Ijumaa jioni saa moja, kwenye ukumbi wa kampasi, watu waje wamevaa mavazi ya kuigiza, nikaagiza pitsa boksi kumi na mbili kwa hela ya chapta. Nilituma imeili mara tatu, nikabandika matangazo mpaka kwenye milango ya vyoo. Walikuja watu wanne. Mmoja wao alikuwa mshauri wetu, mwalimu, amekuja na mumewe. Tulikaa pale tunaangaliana na pitsa zinapoa, na mi nikaenda kazini usiku ule (nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu ya usiku) nikiwa na boksi nane kwenye gari, nikawagawia wenzangu wa zamu.

Wiki ile nilijiuliza sana, nikaanza kumpigia mwanachama mmoja mmoja, sio imeili, simu, nikiuliza tu kwa upole mbona hukuja. Majibu yalinifungua macho. Mmoja ana watoto wawili na hana wa kumwachia, mwingine Ijumaa jioni ndo siku yenye hela nzuri pale mgahawani anapofanya kazi, wengine wawili dini zao haziwaruhusu kabisa mambo ya Halowini na walikuwa wanaona aibu kusema, na kaka mmoja mtu mzima, zaidi ya miaka hamsini, aliyerudi shule baada ya kiwanda chake kufungwa, akaniambia neno moja ambalo sijalisahau, kwamba angekuja lakini hakujua akifika pale atafanya nini na mikono yake.

Hapo nikakumbuka kwetu Tanga. Nani kwetu anaalikwa kwenye shughuli akakae tu? Siku moja kabla ya harusi mnaitana uani, mkeka unatandikwa, unapewa ungo unachambua mchele, mwingine anamenya vitunguu saumu, mwingine anakuna nazi, na hapo hapo ndo unamjua shangazi wa bwana harusi ni nani na yule dada wa pembeni ana shida gani. Siku yenyewe ya harusi watu hawaongei, ngoma inapiga. Udugu unafungwa pale kwenye kuchambua mchele. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa kweli kwa watu wazima waliochoka, wenye kazi na watoto, mi naona jembe lipewe siku ile ile ya kwanza, tena mlangoni, kabla hajavua koti.

Kwahiyo vuli ya pili nikageuza kila kitu.

Tulianza na maboga. Kama umefika huku mwezi wa kumi umeona, maboga yamejaa mpaka nje ya vituo vya mafuta, watu wanayachonga macho na meno, yanakaa kwenye ngazi wiki mbili alafu yanatupwa. Mi roho ilikuwa inaniuma. Nikasema mwaka huu tutapika boga la nazi. Lakini naomba unisikilize vizuri hapa, usichukue yale makubwa ya kuchonga, yale yana maji na nyuzinyuzi na hayana utamu, chukua yale madogo ya duara wanayoyauza kwa ajili ya pai, nyama yake imekaza na yanashika sukari. Chuo chetu hakiruhusu chakula kilichopikwa nyumbani kwenye shughuli za wazi (uliza ofisi ya wanafunzi mapema, vyuo vingi vina sheria kama hiyo), kwahiyo tulikodi jengo la bustani ya mtaa lenye jiko, Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi, na tangazo likasema waziwazi: lete watoto, hakuna mavazi ya kuigiza, na kila mtu ana kazi.

Kila mtu alikuwa na kazi kweli. Nilikaa na karatasi nikaandika majina na kazi usiku kabla. Watoto: kutoa mbegu na kuziosha, tukazikaanga kwenye oveni na chumvi. Wenye kisu kizuri: kukata. Wawili wa mlangoni: kuandika majina kwenye stika na kumuuliza kila anayeingia kama kuna kitu hali. Na mi nilikuwa nimebeba kutoka Tanga, ndani ya begi, mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja, kibao cha mninga na meno yake ya chuma. Nazi nilizipata kwenye soko la Waasia St. Paul. Jamani ile mbuzi! Nikaifungua katikati ya ukumbi, nikakaa, nikashika kifuu kwa mikono miwili nikaanza kuzungusha, nazi inadondoka nyeupe kwenye sinia, na watu wakanyamaza. Alafu yule kaka mtu mzima, yule wa mikono, akaomba akae yeye. Magoti yalikuwa yanamfika kifuani. Nikamwonyesha usiende mpaka kwenye kifuu utapata nazi ya kahawia, geuza kidogo kidogo, na mikono ile ya miaka thelathini ya mashine ikashika ile kazi kwa dakika tano tu kama amezaliwa Chumbageni. Alikuna nazi nne. Watoto wakawa wamemzunguka, anawaeleza habari za kiwandani, na mi namwangalia naona koo linanibana.

Tulikuwa watu thelathini na moja. Boga likachemshwa na maji kidogo na sukari na iliki, likaanza kuiva nikatia tui zito mwishoni, nikakoroga polepole bila kufunika ili lisikatike. Hakuna aliyeangalia simu.

Kuhusu vinywaji, naongeza kitu kwa ndugu zangu Waislamu na wengine wasiotumia kileo, maana nilibishana na mtu pale: huku wakisema saida ya tufaha (apple cider) bila neno lingine, kawaida ni juisi tu ya matufaha yaliyosagwa, haina kileo, ile yenye kileo wanaiita hard cider, yaani ni kali. Soma lebo, ila usiogope jina. Cha kuogopa ni vile viperemende laini vyeupe vya kuchoma kwenye moto (marshmallow), mara nyingi vina jelatini ya nguruwe, na ukivitaka tafuta vya halali.

Shughuli ya pili ilikuwa ya utamaduni, tukaenda makumbusho ya sanaa, Minneapolis Institute of Art, ambayo kiingilio cha kawaida ni bure, na hilo kwa mwanafunzi ni jambo kubwa. Lakini hata huko sikutaka watu watembee kama kundi la kondoo nyuma ya mwongozaji. Kila mmoja alipewa nusu saa achague kitu kimoja tu kinachomkumbusha nyumbani au mtu wake, alafu tunazunguka wote pamoja na kila mtu anasema dakika mbili mbele ya kitu chake. Dada mmoja wa Lubumbashi, ambaye darasani hata jina lake watu walikuwa hawalijui, alisimama mbele ya kinyago akaeleza babu yake, akachanganyikiwa na Kiingereza katikati, akanigeukia akaniambia kwa Kiswahili chao cha kule, na mi nikawa namtafsiria. Toka siku ile tunakaa pamoja. Ukiwa na wanachama wanaoogopa kuongea, kitu cha kuangalia kinasaidia, macho ya watu yanakuwa kwenye kitu badala ya kuwa kwao.

Ratiba nayo ina mambo yake na nawaomba msiichukulie poa. Wiki za kwanza za Septemba watu bado wanahangaika na vitabu na Labor Day (sikukuu yao ya wafanyakazi), acha. Katikati ya Oktoba kuna mitihani ya kati. Upande huu wa Minneapolis majani yanakuwa mazuri zaidi kuanzia mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Oktoba, ule ukijani unapoisha ndani ya jani ndo manjano yaliyokuwa yamejificha chini yake yanatoka, kwahiyo matembezi ya msituni yawe hapo hapo, ukichelewa wiki mbili utatembea chini ya miti mitupu. Kwetu vuli ni mvua, unafurahi imekuja, ila ya huku ina saa yake, na Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma na ghafla jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo usiweke kitu cha jioni ukategemea watu waje, mwili unakuwa unataka kulala. Weka mchana.

Na hapo nafika kwenye sherehe ya kuapisha wanachama wapya, ambayo ndo moyo wangu ulipo. Miaka yote ilikuwa saa kumi na mbili jioni siku ya kazi. Mimi nilivyoapishwa Oktoba ile, mama yangu kule Tanga alikesha, maana saa kumi na mbili jioni ya huku ni saa nane usiku kule, na mtandao ukakata kabla jina langu halijatajwa. Akaniambia mwanangu nimekuona umesimama tu kwenye foleni. Basi nilivyoingia kwenye uongozi nikaomba, nikabembeleza, nikaandika barua, tukaihamishia Jumamosi saa tano asubuhi, ambayo Oktoba inakuwa saa moja usiku Tanga na Dar na Nairobi, watu wametoka kazini wanakaa sebuleni. (Ukivuka ile Jumapili ya Novemba tofauti inakuwa saa tisa badala ya nane, piga hesabu upya.) Tukaweka mtu mmoja kazi yake ni simu tu, anazunguka na simu za wanachama, kila mmoja akiitwa anampigia ndugu zake kwa video. Mishumaa tulitumia ya betri maana ukumbi hauruhusu moto, na haikupunguza kitu. Bibi mmoja kutoka Laos, bibi wa mwanachama wetu, alikuwa amekaa mstari wa mbele na hajui hata neno moja la Kiingereza, na mjukuu wake alipowasha mshumaa yule bibi alisimama peke yake ukumbi mzima, akabaki amesimama mpaka mwisho.

Thenksgivini, sikukuu yao ya kushukuru, iko Alhamisi ya nne ya Novemba, kampasi inafungwa, na wale wasio na ndugu huku wanabaki vyumbani na tambi za dakika tatu. Hilo mi sikulifanya shughuli rasmi, niliandika tu majina ya wenye nyumba na majina ya wasio na pa kwenda, nikawaunganisha wawili wawili, na kila anayekwenda niliambia aende na kazi ya kufanya, akamenye viazi, asiende na mikono mitupu wala asikae sebuleni.

Hela zote za vuli ile ya pili zilikuwa pungufu ya zile pitsa kumi na mbili ukitoa kukodi jengo, ila omba mapema, ofisi nyingi zinataka maombi wiki kadhaa kabla na risiti zote, mpe mtu mmoja kazi ya risiti na bahasha.

Mwaka huu nimehitimu, chapta imeshapata msimamizi mwingine, binti wa Kisii, mpole, ana akili sana, na amenipigia juzi kuniuliza kama naweza kuwaazima mbuzi. Nimeikagua, msumari wa mbele umelegea kwa ajili ya zile nazi nne, kwahiyo wiki hii namtafuta fundi aukaze kabla Oktoba haijaingia.