Bei ikishuka, piga hesabu kwanza

Ninyi mnaoanza kazi ya kuchambua biashara ya kompyuta, msikimbilie kusifu kampuni iliyoshusha bei. Chukueni kalamu. Tuseme mashine inauzwa dola 1,000 na gharama yake yote ni dola 850. Faida ni dola 150. Bei ikipunguzwa kwa asilimia 10, faida inabaki dola 50. Ili mwenye kampuni apate faida ileile, itabidi auze mashine tatu pale alipokuwa akiuza moja. Mshindani naye akishusha kesho yake, hao wateja wa ziada hawaonekani.

Wengi huanza na mauzo. Mimi huanza na gharama, maana vita ya bei huamuliwa huko. Marekani, mwaka 1982, kampuni ya Commodore ilitoa kompyuta ya nyumbani, Commodore 64, kwa dola 595. Mwaka uliofuata ilikuwa inauzwa karibu dola 200. Kampuni iliweza kustahimili kwa sababu tangu 1976 ilimiliki MOS Technology, iliyoitengenezea chipu, yaani vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha kompyuta. Texas Instruments nayo ilitengeneza chipu, tena ni kampuni kubwa zaidi, lakini kompyuta yake, TI-99/4A, ilikuwa ghali kuiunda. Iliingia sokoni mwaka 1981 kwa dola 525, ikaburuzwa na ushindani hadi dola 99. Hapo kuuza sana kulikuwa kuongeza hasara. Oktoba 1983 ikatangaza kujitoa kwenye kompyuta za nyumbani.

Mtaambiwa kwamba hasara ya mashine itafidiwa na programu. Ulizeni ni nani ataziandika. Texas Instruments iliwabana waandishi wa nje ili faida ya programu ibaki kwake, na wateja wakakosa za kuchagua.

Halafu ulizeni mzigo unakaa stoo siku ngapi. Swali hili hupuuzwa mno, na linaniuma kila ninapoona ripoti isiyolitaja. Bei za vipuri vya kompyuta mara nyingi hushuka. Dell, kampuni ya kompyuta ya Marekani, ilikaa na vipuri siku chache tu, kwa hiyo iliposhusha bei kwa nguvu mwaka 2001, ilikuwa inaunda mashine kwa vipuri ilivyonunua kwa bei mpya. Mshindani wake Compaq, iliyouza zaidi kupitia mawakala, mzigo wake ulikaa wiki kadhaa njiani na kwenye maghala, ukiwa na gharama ya zamani. Mwaka 2002 Compaq ilimezwa na Hewlett-Packard. IBM nayo ilijitoa: mwaka 2005 ilikamilisha kuiuzia Lenovo, kampuni ya China, kitengo chake cha kompyuta binafsi.