Kula kabla ya mechi, utanishukuru

Dada mmoja kaniandikia wiki hii, ananiuliza "kaka, hivi nyie mnaoenda uwanjani kila mechi mnakulaga wapi?" maana alienda na wanae wawili, wakaingia saa nane mchana, mechi yenyewe saa kumi na moja, mpaka filimbi ya mwisho watoto wamekunywa soda ya moto na kugombania pakiti moja ya karanga na hela yote imeisha. Nikacheka. Af nikaacha kucheka, maana mi haya yamenikuta na bado yananiuma.

Wengi mnaonisoma humu ni kama mimi tu, mnataka msimu uishe hujakosa mechi ya nyumbani hata moja, kwaiyo nisikilizeni.

Kuna uwanja mmoja wa mkoani, siutaji. Nilimpeleka mpwa wangu, mechi yake ya kwanza kuona laivu, dogo hajalala usiku. Bila bila mpaka mapumziko. Nikamwacha na mzee mmoja wa siti ya jirani tuliekuwa tushazoeana, nikashuka kutafuta chochote. Chini kuna dirisha moja. Moja, jamani, kwa jukwaa zima! Ndani wako wawili, mmoja anakaanga, mwingine anapokea hela na huyo huyo ndo anafungua soda na huyo huyo ndo anatafuta chenji. Foleni ilikuwepo mwanzoni tu, baada ya hapo ni mikono na noti zinapepea juu ya vichwa vya watu. Nikatoa elfu kumi, nikaambiwa "bro subiri chenji". Nikasubiri. Kipindi cha pili kikaanza, nasubiri. Ghafla zege likatetemeka juu yangu, uwanja mzima umelipuka, na yule jamaa wa dirishani ananiangalia ananiuliza "nani kafunga?"

Ananiuliza mimi!

Chipsi zenyewe zimelala, zimeshalainika, tomato imemwagwa juu kuficha aibu. Narudi dogo ananiambia "anko ungeona, kapiga kichwa hivi". Mpaka leo kwenye vikao vya familia naulizwa kama chipsi zilikuwa tamu.

Sasa ukikaa ukapiga hesabu unaona tatizo sio yule jamaa. Chukua uwanja wa Mkapa pale Dar, ulifunguliwa 2007, unaingiza watu 60,000. Ukijaa, na mmoja tu kati ya kila kumi akasema ashuke mapumziko, hao ni watu 6,000 ndani ya dakika 15, yani watu 400 kila dakika. Hakuna mama ntilie wala hoteli ya kuhimili hiyo, hata uwaweke wauzaji wenye mikono minne. Kwaiyo kumtukana muuzaji ni kupoteza pumzi, na mi siwapendi kabisa mashabiki wa hivo, unamtukana mtu anaekuuzia maji halafu kesho unalia vijana hawana ajira.

Dawa ni kula kabla. Dada yangu, na wewe, shukeni Temeke mapema, tafuteni mama ntilie, wali maharage na kipande cha samaki, watoto washibe kabisa ndo muingie. Ukiingia na njaa umeshafungwa.

Ndani tegemea wale wanaopita kwenye ngazi. Kuna wauza mayai ya kuchemsha bwana, anakaa juu ya kisigino, anagonga yai kwenye ukingo wa ndoo, analimenya na kulipasua kati na kisu, kachumbari ndani, pilipili, chumvi kidogo, anakukabidhi kwenye kipande cha karatasi na macho yake hayajatoka uwanjani. Hiyo ndo huduma. Beba buku buku na jero (elfu moja moja na mia tano), msimbazi, yani ile ya elfu kumi, iache nyumbani (mi Yanga lakini noti nyekundu naiita hivohivo, kwa jina la mtaa wa watani zetu Simba), na usitegemee kulipa kwa simu, watu wakijaa mtandao unagoma. Ukilazimika kushuka basi shuka dakika ya 35, sio mapumziko. Ila bora ule kabla.

Matunda yake? Tarehe 5 Novemba 2023, zile tano Yanga tulizompa Mnyama, yani Simba, nimeziona ZOTE. Musonda dakika ya 3 nimeona, Kibu wao anasawazisha nimeona pia bahati mbaya. Jamaa wa pembeni yangu kashangilia la Maxi dakika ya 64 akasema koo limekauka ngoja nikachukue soda. Anarudi ni nne moja. Aziz Ki kamkosa, la pili la Maxi kalikosa, na soda imemwagika nusu. Mi nimeshiba wali wangu nimetulia.

Na wenye viwanja nao waambiwe. Marekani kule Atlanta walifungua Mercedes-Benz Stadium 2017, wakashusha bei za chakula kama nusu ya walivyokuwa wanauza uwanja wao wa zamani, hot dog dola 2, soda dola 2 na unaongezewa bure. Watu wakadhani wamechanganyikiwa. Matokeo yake kila shabiki akawa anatumia hela zaidi kwa asilimia 16. Huku kwetu maji ya jero dukani nayauziwa buku jero jukwaani, halafu tunashangaa watu kujaza mifuko karanga za nyumbani.

Lakini na sisi tujiangalie. Chupa ya maji unanyang'anywa getini kwa sababu kuna mwenzako akikasirika anamrushia mshika kibendera. Ukimuona jirani yako kashika chupa kwa hasira mshike mkono, usicheke, maana mechi ijayo mtoto wako ndo atakaa na kiu juani.

AFCON 2027, yani kombe la mataifa ya Afrika, inakuja kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, wageni watakaa kwenye viti hivihivi. Waongeze madirisha, waweke mabomba ya maji ya kunywa kila jukwaa, na bei ziandikwe ukutani, kubwa, mtu azisome kabla hajafika mbele.