Maswali yenu: Bwana afya hatibu mtu, kazi yake nini?

Afya ya jamii si ndiyo hizo hospitali?

Hospitali inakungoja uumwe. Afya ya jamii inakuwahi kabla: maji unayochota, choo cha jirani, chanjo ya mtoto. Mgonjwa wake ni mtaa mzima. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu Soho, London, madaktari wengi waliamini kinaletwa na hewa chafu. Dk. John Snow yeye alipita akiuliza waliokufa walikuwa wakichota maji wapi. Wengi walitumia pampu moja, ya Broad Street. Mpini wake ukang'olewa. (Tuseme ukweli, wakati huo ugonjwa ulishaanza kupungua, watu walikuwa wamekimbia.)

Bwana afya kafunga banda la dada yangu, mama lishe, na hakuna mteja aliyeumwa. Ni haki?

Hukusema alikuta nini. Ila hilo la "hakuna aliyeumwa" halitoshi. Kipindupindu kinaweza kuchukua hadi siku 5 kujionyesha, na wengi wenye vimelea hawaumwi kabisa, huku wakivisambaza chooni. Ndiyo maana anatazama ndoo ya kunawia, wali uliofunikwa, na lile beseni ambalo sahani thelathini zinasuuzwa kwa maji yale yale. Kwa upande wa pili, anayefunga banda bila kueleza kipi kirekebishwe amefanya nusu ya kazi. Dada aombe maelezo kwa maandishi, arekebishe, kisha aite ukaguzi upya. Kwa kunawia, kibuyu chirizi kinatosha: dumu lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyaga na kipande cha sabuni.

Mama anasema zamani redio iliwachimbisha watu vyoo. Kweli?

Kweli kabisa, mama hajasahau. Ni kampeni ya Mtu ni Afya, Tanzania, mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadili wenyewe nini kifanyike kijijini kwao. Nionavyo mimi, nguvu ilikuwa kwenye yale majadiliano kuliko redio. Choo cha kuamriwa huishia kuwa banda la kuku.

Chumvi yenye madini joto ina faida gani?

Inazuia rovu, yaani uvimbe wa shingoni, na kwa mjamzito inalinda ubongo wa mtoto aliye tumboni. Funika kopo, liweke mbali na jiko.